Miezi Mitatu Bila Hasira

Kitu cha kwanza nilichokatazwa ni hasira. Pilipili ilifuata, halafu chai na kahawa, viporo, maji ya baridi na kukesha, lakini hasira ndiyo aliyoiandika juu kabisa, kwa kalamu nyekundu, akaipigia mstari.

"Hasira inakausha," alisema Bibi. "Mwili wenye hasira ni shamba lililochomwa moto jana. Utapanda nini humo?"

Nilimwambia mimi sina hasira. Vidole vyake vitatu vilikuwa bado juu ya mshipa wa mkono wangu. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, hapa ninahesabu."

Wote tulimwita Bibi. Alikuwa mama wa Kihindi aliyezaliwa Iringa, amezeeka Iringa, anawaamkia watu "kamwene" kama mtu mwingine yeyote wa pale. Ujanani alitumia miaka kadhaa huko Gujarati akijifunza Ayurveda, yaani ile tiba ya zamani ya Kihindi, kisha akarudi na kuolewa na mwenye duka la viungo. Mume alipofariki aliliacha duka kwa mwanawe, yeye akabaki na chumba cha nyuma, kimejaa makopo na harufu ya uwatu na tangawizi kavu. Hakujiita daktari. Aliyemwita daktari alimrekebisha palepale.

Aliyenipeleka ni matroni wa shule yetu, ambaye Bibi alikuwa amemtibu magoti. Nilikuwa na miaka thelathini na nne, mwaka wa nne wa ndoa, bila mtoto na bila hata mimba ya kuharibika ambayo ningeweza kusema, basi, angalau iliingia.

Bibi aliniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nalala ubavu upi. Choo changu kikoje. Naota nini. Nilipotoa ulimi aliutazama muda mrefu kama anasoma barua. Mwisho akauliza, "Mume yuko wapi?"

"Mbalizi."

"Na wewe?"

"Nyololo."

"Mnaonana lini?"

"Mwisho wa mwezi. Kama hakuna mitihani."

Akaweka kalamu chini. Akaniambia mtoto anahitaji vitu vinne, vilevile kama mahindi: msimu, shamba, maji na mbegu. Msimu ni zile siku. Shamba ni tumbo langu. Maji ni chakula na damu inayotokana nacho. "Na mbegu ni zenu wawili," alisema. "Watu wananiletea shamba peke yake, halafu wanataka mahindi."

Aliniandikia karatasi mbili. Ile kubwa ilikuwa na masharti ya miezi mitatu, yangu upande huu, ya mume wangu upande ule. Miezi mitatu hiyo ilikuwa ya kuandaa miili tu, wala tusijaribu kutafuta mtoto. Karatasi ndogo ilikuwa na vipimo viwili vya hospitali: mirija yangu, na mbegu za mume wangu. "Dawa zangu zinaandaa," alisema. "Hazifungui mrija ulioziba. Hivi kapimeni kwanza, msingoje."

Karatasi kubwa niliibandika ukutani. Ndogo ilibaki kwenye pochi. Niliwahi kupigwa picha ya tumbo, na nesi aliniambia, "Uko vizuri mama, ni kumwomba Mungu tu," nami nikachukulia kwamba nimeshapimwa. Na upande wa mume wangu, jibu nililijua kabla sijauliza.

Niseme kidogo kuhusu kuishi mbali. Mimi ni mwalimu wa biolojia. Nilipangiwa Nyololo kabla sijaolewa, na mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi Mbalizi: mabati, misumari, rangi, mabomba. Ukoo wao ni wafanyabiashara, babu yake alipanda huku kutoka pwani, na mama yake anakaa Mbeya mjini. Nilipoolewa niliandika barua ya kuomba uhamisho nimfuate mume. Nikajibiwa hakuna mwalimu mbadala wa somo langu. Nikaandika ya pili, jibu likawa lilelile. Ya tatu, mkuu wa shule aliniambia ipo kwenye faili, ila faili lenyewe halionekani. Hiyo ya faili niliambiwa siku ya kwanza ya masharti ya Bibi, saa mbili asubuhi. Nilitoka ofisini nikaenda kusimama nyuma ya choo cha walimu mpaka kengele ilipolia. Siku moja kati ya tisini, na tayari nimefeli.

Na kila mwaka kidato cha tatu nafundisha uzazi. Nachora ubaoni kizazi, mirija, ovari, naweka mishale. Mwaka ule binti mmoja, wala hakuwa na nia mbaya, alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, wewe una watoto wangapi?" Nikamwambia hilo halimo kwenye muhtasari.

Likizo ya mwezi wa sita ndipo nilipofanya usafishaji. Bibi alinipa samli iliyochemshwa na majani machungu, ninywe ya moto, tumbo tupu, alfajiri. Siku ya kwanza vijiko viwili, kesho yake vinne, kila siku inaongezeka, na kila siku nimpigie simu kumweleza ninavyojisikia. Siku ya tano nilikuwa nanuka samli mpaka kwenye jasho. Jirani yangu, mwalimu wa jiografia, aligonga mlango akauliza kama ninachoma maandazi. Baada ya samli yakaja mafuta ya nyonyo ya kuharisha, na kuhusu siku hiyo sitasema zaidi. Kisha kila asubuhi nijipake mafuta ya ufuta ya vuguvugu mwili mzima, nikae nayo nusu saa, ndipo nioge. Nyololo, mwezi wa sita! Maji ya ndoo yanauma hadi kwenye mifupa ya kichwa. Nilikaa kwenye kigoda nimejifunika kanga juu ya mafuta, natetemeka, naangalia saa.

Jioni nilikunywa maziwa ya moto yenye unga wa mizizi, kijivu, unaonata kooni. Nile kabla jua halijazama. Nilale kabla ya saa nne, nami nina madaftari mia na ishirini ya kusahihisha. Lakini nilifanya. Nataka hilo lijulikane. Mimi ni mtu wa kufuata maelekezo. Ukinipa ratiba naifuata hadi mwisho.

Mume wangu alikuwa na kopo lake. Unga wa ashwagandha, ambao nao ni mzizi, achemshe na maziwa na tende tatu, asubuhi na jioni. Aache sigara, ambazo alizificha mama yake asijue lakini hakuzificha kwangu. Nilimpelekea kopo mwenyewe, nikamwonyesha kijiko. Kila siku nilimpigia.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa, Mwalimu." Ndivyo anavyoniita.

Mwisho wa mwezi nikaenda Mbalizi. Kopo lilikuwa kwenye kabati la jikoni, juu ya sukari, limejaa vilevile nilivyoliacha. Kijiko kilikuwa kikavu, kimechomekwa kwenye unga kama bendera.

"Mimi sina ugonjwa," alisema nilipomuuliza.

"Si ugonjwa. Ni maandalizi."

"Maandalizi gani tena? Mimi niko tayari tangu siku ya harusi." Akacheka. Anacheka vizuri mume wangu, na watu wanampenda kwa hilo. Wateja wanatoka mbali kuja kununua bati kwake kwa sababu ya kicheko kile. Nami nilimpendea hilohilo, ndiyo maana siku ile kilinikera kupita kiasi.

Nikatoa karatasi ndogo kwenye pochi. Aliisoma, na kicheko kikaisha.

"Nikapime mbegu? Mbalizi hii? Yule wa maabara ananunua misumari kwangu."

"Basi kapime Mbeya mjini."

"Mbeya mjini kuna mama."

Hakuwa ananidhihaki. Kwake hilo lilikuwa jibu kamili. Tukakubaliana nusu: kipimo hapana, maziwa ndiyo. Nami nikakubali nusu hiyo kwa sababu nilikuwa nimechoka kubishana na pia kwa sababu sikutakiwa kukasirika. Wiki ile ya mwisho wa mwezi alikunywa mbele yangu, anakunja uso kama mtoto. Nilipoondoka, sijui.

Miezi mitatu iliisha mwezi wa tisa. Nikahesabu siku zangu, kazi ambayo naweza kuifanya hata usingizini, na zikaangukia katikati ya wiki ya zamu yangu. Ijumaa mchana ningeweza kutoka, lakini Jumamosi saa nne nilikuwa na kipindi cha ziada cha kidato cha nne, na mkuu wa shule alikataa kunibadilishia. Kufika Mbalizi na kurudi kwa muda huo haikuwezekana. Mume wangu ndiye aliyesema, "Tukutane Chimala."

Chimala iko njiani, kwake karibu zaidi kuliko kwangu, mji wa mchele na magari yanayosimama. Nilifika saa kumi jioni, nimebeba chupa ya maziwa, lozi zilizomenywa kwenye kitambaa, na sare yangu ya zamu bado mwilini kwa sababu sikupata nafasi ya kubadili. Yeye alifunga duka baada ya swala ya Ijumaa. Tukaingia kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Dada wa mapokezi alinitazama, akamtazama mume wangu, akauliza bila kuinua sauti, "Ni muda mfupi au mnalala?"

"Huyu ni mke wangu," alisema mume wangu.

"Sawa kaka. Muda mfupi au mnalala?"

Nilitaka ardhi inimeze. Bibi alikuwa ameandika chumba kiwe safi, chenye harufu nzuri, tuwe tumetulia, tumezungumza mazuri, mioyo yetu iwe mahali pamoja. Mashine ilinguruma ukutani, vumbi la pumba limetanda mpaka kwenye shuka. Mume wangu akaanza kucheka. Nikajikuta nacheka na mimi, halafu nikalia, halafu nikanywa maziwa yangu. Alfajiri nikapanda basi kurudi, na saa nne nilikuwa ubaoni.

Siku kumi na tatu baadaye nikaona damu. Nilikuwa chooni shuleni, mapumziko ya chai. Nikarudi darasani, nikamaliza kipindi.

Mwezi uliofuata ndipo mama mkwe alipokwenda Mbalizi kumtembelea mwanawe. Aliingia jikoni kupika, akafungua kabati kutafuta sukari, akalikuta kopo. Unga wa kijivu, hauna jina, umenunuliwa na mke anayekaa mbali na mumewe. Akaufikia uamuzi wake bila kumuuliza mtu.

Niliitwa Mbeya. Wifi yangu alipiga simu, akasema, "Mama anakuhitaji Jumapili, usikose." Nilidhani kuna mgonjwa. Nilipofika nikawakuta sebuleni, mama mkwe, wifi, na mume wangu amekaa pembeni anaangalia zulia. Kopo lilikuwa mezani, juu ya gazeti, ili lisiguse kitambaa cha meza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiki ni nini?"

"Ni dawa, mama. Ya maziwa. Tumepewa Iringa, ya kuandaa mwili kabla ya—"

"Mwanangu anaumwa?"

"Hapana, mama."

"Haumwi. Halafu unamnywesha dawa." Alimgeukia wifi. "Mimi nimesikia haya tangu msichana. Mwanamke akishajua hazai, anatafuta limbwata amfunge mume asiende kwingine."

Limbwata, dawa ya kumpumbaza mume. Mimi, niliyekaa kwenye kigoda na mafuta ya ufuta, natetemeka. Nilimtazama mume wangu. Alichotakiwa kusema kilikuwa sentensi moja: mama, tulikubaliana wote wawili, dawa hii naijua. Hakuisema. Aliendelea kuangalia zulia.

Nikainuka, nikafungua kopo, nikachota vijiko viwili na kutia mdomoni bila maji. Unga ule mkavu ulinipalia. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, wifi akaniletea maji, nami nikasema nikiwa bado nakohoa, "Haya. Na mimi nimejifunga."

Haikusaidia. Mama mkwe alilichukua kopo akaenda kulimwaga uani, akalifukia na majivu. Alifanya hivyo kwa uzito wote, akinong'ona dua, na niliona kwamba aliogopa kweli. Hakuwa anaigiza. Hilo lilinizidishia uchungu, maana ningeweza kumchukia mtu anayeigiza.

Nje, kwenye geti, mume wangu alisema, "Unamjua mama. Angepandisha presha."

"Na mimi je, presha yangu?"

"Wewe una nguvu, Mwalimu."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Iringa kugombana na Bibi. Sikuwa na mwingine wa kugombana naye. Nilimwambia nimefuata kila mstari wa karatasi yake, nimekunywa samli, nimeacha chai, chai! mtu wa Mufindi, kwenye mashamba yake. Nimekaa miezi mitatu nikimeza kila neno ili nisikaushe shamba, na nimepata nini? Nimeitwa mchawi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Vipimo vilisemaje?"

Nikaishika pochi.

"Mlipima?"

"Hapana."

Hapo ndipo nilipomwona Bibi amekasirika, yeye aliyenikataza. Alifunga kopo alilokuwa akilichotea unga, akalirudisha kwenye rafu kwa kishindo. "Mimi sikuuzii tena kitu," alisema. "Si kijiko. Unakunywa mizizi yangu mwaka mzima, mrija umeziba, halafu unasema Bibi ameniibia miaka. Miezi mitatu ni ya kuandaa, si ya kupoteza. Nenda hospitali. Yeye asipokwenda, nenda wewe."

Nilitoka nimechukia. Lakini nilikwenda. Likizo ya mwezi wa kumi na mbili nikapimwa mirija: wanakuingizia dawa kwa chini, wanapiga picha inavyopita. Nilikuwa naijua kwa mchoro, wala sikuijua kwa maumivu. Nesi alinishika mkono akisema, "Pumua mama, pumua." Nilipoonyeshwa picha nikaona nilichokichora ubaoni miaka yote, nyuzi mbili nyembamba nyeupe, na dawa imemwagika vizuri mwishoni. Mirija yote miwili iko wazi. Homoni nazo zilikuwa sawa. Daktari, kijana kuliko mimi, akauliza, "Mwenzako ameshapima?"

Nilimtumia mume wangu picha ile kwenye simu bila maneno. Hakujibu siku nne.

Mwezi wa pili, siku ya Jumatano, nikiwa narudi nyumbani kutoka kipindi cha mwisho, nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya nyumba yangu Nyololo. Hakuwahi kuja katikati ya wiki tangu tuoane. Nilifikiri amefiwa. Tukaingia ndani, akakaa kwenye kiti bila kuvua koti. Akaniambia alikwenda Dodoma, akisingizia kufuata mzigo, kwa sababu Dodoma hakuna anayemjua. Alipima mara mbili, kwa tofauti ya wiki mbili.

"Ni mimi," alisema.

Mbegu zilikuwa chache na nyingi hazikuwa na mwendo. Daktari alikuta mishipa imevimba kwenye korodani, inaleta joto. Inaweza kurekebishwa kwa operesheni ndogo, ingawa hakuahidiwa kitu. Na sigara aache kabisa. Alieleza yote hayo akiitazama ile karatasi ya masharti iliyokuwa bado ukutani, upande wa mafuta na samli ukiwa mbele.

Nilimshika kichwa, akaniegemea tumboni. Sitaki kusema kwamba nilifurahi, ila kuna kitu kilishuka mabegani. Kilikaa chini kwa dakika kama tano. Kisha akasema, "Usimwambie mama."

Niliuondoa mkono wangu.

"Miaka minne, mama yako ananiita mgumba mbele ya watu."

"Najua. Nitamwambia mwenyewe. Nipe muda."

Operesheni ilifanyika mwezi wa nne. Mama yake aliambiwa ni kidole tumbo. Mume wangu alipelekwa nyumbani kwa mama Mbeya kupata nafuu, nami nikaomba ruhusa ya wiki moja nikamuuguze. Wageni wakawa wanakuja, mashangazi, majirani, watu wa msikitini, nami nawapa chai na vitumbua. Na kila aliyeingia alimpa pole mgonjwa, kisha akanigeukia mimi: "Na wewe mwanetu, bado tu?" Mama mkwe alijibu kwa niaba yangu, kwa upole mkubwa: "Bado. Tunamwombea." Mume wangu yuko kitandani, amejifunika shuka mpaka kidevuni, anasikia. Siku ya tatu nilivunja kikombe jikoni. Sikukiangusha. Nilikivunja.

Mwezi wa saba uhamisho ukatoka. Haukutoka kwenye faili. Alipatikana mwalimu wa biolojia aliyetaka kutoka shule ya karibu na Mbalizi aende Nyololo, kwa sababu mume wake naye alikuwa Mafinga. Tukabadilishana. Tulikutana ofisini siku ya kusaini, tukakumbatiana kama ndugu, watu wawili tusiojuana.

Nilidhani tukiishi pamoja nitapumzika. Lakini mume wangu alikuwa amebadili dini ya jikoni. Alikwenda mwenyewe Iringa, akarudi na makopo matatu. Sasa yeye ndiye anayeloweka lozi, anayechemsha maziwa, anayepita nyumbani saa tatu kasoro akizima taa. Aliniona nakula kachumbari yenye pilipili akaniambia, "Mwalimu, ukumbuke shamba." Nilimwambia akitaja shamba tena nitammwagia hiyo kachumbari. Daktari alisema vipimo vya mwezi wa kumi vimepanda, si sana, lakini vimepanda. Tujaribu, tusipopata kuna njia nyingine za hospitali, tutazizungumza.

Bado hakuwa amemwambia mama yake. Nilimpa mpaka Idi. Nilimwambia ikipita, nitasema mimi, tena sitachagua maneno.

Alisema siku ya pili ya Idi, baada ya chakula, wifi akiwa ameshaondoka. Alisema vibaya, akianza na kidole tumbo, akizunguka, akitaja Dodoma, mabomba, joto, mpaka mama yake akamuuliza, "Unaniambia nini?"

"Ninakwambia tatizo lilikuwa kwangu, mama. Halikuwa kwake."

Mama mkwe alianza kukunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. Nilisubiri. Ninakiri nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na picha kichwani ya namna atakavyonigeukia na atakachosema. Alichouliza ni, "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi asijue mtu." Akaanza kulia, akamvuta mwanawe, na mimi nikakusanya sahani.

Tangu siku hiyo hajaniita mgumba. Wala hajasema samahani. Nje ya nyumba yetu, hadithi ni ileile ya zamani, na mwenye tumbo lisilozaa ni mimi. Mume wangu anasema inatosha kwamba sisi watatu tunajua. Kwake inatosha. Mimi ndiye ninayetembea nayo sokoni.

Juzi kulikuwa na harusi ya binti wa ndugu yao, Mbeya. Wanawake tulikaa kwenye mikeka uani, sinia moja watu watano. Shangazi mmoja kutoka Tunduma, ambaye hajaniona miaka miwili, alinitazama usoni, akashuka mpaka tumboni, akakaa hapo. "Hee, mwanetu," alisema kwa sauti ya kusikika mikeka mitatu, "dawa zote hizi mjini, wewe bado hujapata? Au hutaki?"

Mama mkwe alikuwa ubavuni kwangu. Nilimgeukia. Niliona mdomo wake unafunguka, niliona kabisa neno limefika. Kisha akaufunga. Akanyoosha mkono kwenye sinia, akachagua kipande cha nyama chenye mafuta, kile kizuri, akakiweka upande wangu, akakifukia na pilau, akasogeza tena pilau juu yake.

"Kula, mwanangu," alisema.

Nilikula. Nilikuwa sijala tangu asubuhi.